Jibu la Mama wa Ghorofa ya Tisa

Kazi ya ofisini niliipata kwa kumfukuzisha kazi rafiki yangu. Naanza na hilo kwa sababu watu wa nyumbani wakinipigia simu hunipongeza. Wananiambia nimetoka jikoni nimeingia kwenye kompyuta, nami hujibu namshukuru Mungu, halafu nikikata simu nabaki na hasira siku nzima. Hawajui wananipongeza kwa lipi. Nikiwaeleza, nusu wataona najidai mwema na nusu wataona mimi mjinga, na sina hamu na maoni ya upande wowote.

Rafiki yangu alikuwa Mganda kutoka Masaka, yaya wa ghorofa ya tisa katika jengo ambalo mimi nilikuwa yaya wa ghorofa ya nne. Yeye Mlokole, mimi Mwislamu, yeye mpole, mimi mdomo. Tulikutana uwanja wa watoto chini ya jengo, kwenye bembea, saa kumi na moja jioni jua likishapungua ukali. Mabenchi yale yalikuwa yetu mayaya. Wakenya walikaa upande wa kivuli wakicheka kwa sauti, Wafilipino upande wa pili, na sisi wawili kwenye benchi bovu ambalo hakuna aliyelitaka. Aliniita mwalimu tangu wiki ya kwanza, na mayaya wengine wote wakafuata.

Mwalimu nilikuwa kweli. Nina cheti cha ualimu wa shule ya msingi, daraja la tatu A. Nilimaliza chuo, nikafundisha kwa kujitolea Morogoro nikisubiri ajira ya serikali, nikasubiri mpaka watoto niliowapokea darasa la kwanza wakafanya mtihani wa la saba. Baada ya hapo nikapanda ndege kuja Dubai. Safari za namna hiyo ziko nyingi, yangu haina ziada.

Familia niliyoifanyia kazi ilikuwa ya Wakolombia, na Kihispania nilikiokota sakafuni pamoja na vitu vya kuchezea. Watoto walikuwa wawili, walinisahihisha bila huruma kama watoto wanavyofanya, na mimi sipendi kusahihishwa mara mbili. Mwaka wa nne nilikuwa nagombana nacho, natania nacho, na madam akileta wageni wake walikuwa wakiniuliza nimekaa Kolombia miaka mingapi. Madam alifurahi sana wakiuliza hivyo. Alikuwa akinionyesha kwa wageni jinsi mtu anavyoonyesha kabati jipya.

Sasa huyu Mganda wangu alikuwa akilea binti wa miaka sita, na wazazi wa binti ni Wameksiko. Shuleni mtoto alifundishwa Kiingereza na Kiarabu, lakini mama yake alitaka ajue kusoma Kihispania pia, kwa hiyo kila wiki kulikuwa na kitabu cha mazoezi kilicholetwa kutoka kwao. Mama alikuwa na kazi kubwa benki. Alirudi nyumbani mtoto akishaoga na kulala. Kitabu kilibaki mezani, na aliyebaki nacho ni yaya asiyejua Kihispania.

Siku moja aliniletea kitabu kile benchini. "Mwalimu, mimi nitafundisha hii namna gani? Sijui hata maana."

Nilimwambia asihangaike na maana, asome kama Kiswahili. Ba, be, bi, bo, bu. Herufi zao nyingi zinasomeka kama zetu, na zile chache zinazokwenda kinyume nilimwandikia kwenye karatasi akaibandika ndani ya mlango wa kabati la vikombe. Alishangaa mpaka akacheka. Miezi minne baadaye mtoto alikuwa anasoma sentensi nzima, kwa lafudhi ya Masaka kidogo, na yaya wake naye alikuwa ameanza kuelewa anachokisoma. Jioni walikuwa wakija benchini na kitabu, mtoto anasoma, mimi nasikiliza, na nikiona vema nasema vema. Nilikuwa nimefundisha watoto tisini katika chumba kimoja, lakini sikumbuki kama niliwahi kufurahi hivyo.

Utafiti ulikuja kupitia madam wangu. Rafiki yake alikuwa na ofisi ndogo ya utafiti, na ofisi ilikuwa imepewa kazi ya kuwauliza wazazi wa mataifa mbalimbali jinsi watoto wao wanavyosoma hapa Dubai. Dodoso liliandikwa kwa Kiingereza. Kwa wazazi wa Kihispania walimtafuta kijana wa kutoka Hispania, akalitafsiri vizuri sana, kwa lugha iliyopigwa pasi. Madam alilisoma mezani kwetu akitafuna mkate, akasema hakuna mama wa Bogota anayezungumza hivi, akanisukumia mimi. "Hebu lisome wewe. Uniambie unapokwama."

Nilikwama mahali pengi. Kulikuwa na swali la kiwango cha elimu cha mzazi, na kijana yule alikuwa ameweka vyeti vya kwao. Lakini mama wa Kolombia ana cheti chake, wa Meksiko ana chake, na hata pale jina linapofanana miaka haifanani. Jambo hilo sikulijifunza chuoni, nililijifunza kwenye bembea. Mganda akikwambia amefika P7, Mkenya akisema fomu fo, mimi nikisema darasa la saba, kila mmoja anamkadiria mwenzake vibaya. Tulikuwa tumeshaacha kuulizana vyeti, tunaulizana miaka: umekaa shuleni miaka mingapi? Nikaandika pembeni, ulizeni miaka. Madam akaipeleka karatasi ilivyo.

Wiki iliyofuata nikaitwa ofisini. Mkuu wa ofisi, ambaye wote tulimwita sir, alikuwa ameyasoma maandishi yangu yote. Aliniuliza kazi yangu ni nini. Nikasema mwalimu. Madam, aliyekuwa amekaa pembeni yangu, akasema ni yaya wake. Sir akatazama huku na huku, akacheka, akasema vyote viwili vinafaa.

Tukakubaliana niwe nakwenda asubuhi mbili kwa wiki watoto wakiwa shule, kwa jina la kusaidia tu, kwa sababu viza yangu ilikuwa ya nyumba. Majaribio ya dodoso yakienda vizuri, ofisi ingezungumza na kafeel wangu, mdhamini wa viza yangu, yaani mume wa madam, nihamie kwao. Niwe mfanyakazi wa ofisi, nipange kitanda changu mwenyewe, nifunge mlango Ijumaa bila kuitwa. Mtu ambaye hajaishi miaka saba kwenye chumba kando ya mashine ya kufulia hawezi kujua nililala vipi juma lile.

Majaribio yana utaratibu wake, na nilifundishwa asubuhi moja. Unakwenda kwa mzazi, unasoma swali kama lilivyoandikwa, husaidii, hufafanui, hutikisi kichwa. Unaandika jibu kama lilivyotoka mdomoni. Chini ya kila swali kuna nafasi ya maoni ya mhojaji, ambapo unaeleza kama mzazi alisita, aliuliza maana, au alielewa vingine. Nikauliza nani anasoma maoni. Mwalimu wa mafunzo akasema ofisi. Hiyo ndiyo kauli niliyoishika, na baadaye nilijitetea nayo mpaka ikachakaa.

Walinipa wazazi watatu wa jengo letu kwa kuwa ni karibu. Mmoja wao alikuwa mama wa ghorofa ya tisa. Madam wangu naye alihojiwa, ila na mtu mwingine, na mpaka leo sijauliza alijibu nini.

Ningeweza kumkataa mama wa tisa. Ningesema namfahamu yaya wake, wangempa mtu mwingine mara moja. Sikukataa kwa sababu nilitaka kuingia nyumba ile kwa mlango wa mbele. Nilikuwa nimeshaingia mara nyingi kwa mlango wa jikoni, nikavua viatu, nikasema kwa kunong'ona. Siku ile nilikuwa na beji kifuani na kalamu mkononi. Mama alinikaribisha kwenye kochi jeupe, akaniongelesha kwa heshima ya Kihispania ambayo hakuwahi kunitumia kwenye lifti. Rafiki yangu akaleta maji na juisi kwenye sinia. Hakunikonyeza, hakucheka. Alinihudumia kama mgeni wa nyumba, akarudi kusimama karibu na mlango wa jikoni kama tulivyofundishwa wote kusimama.

Swali la nne lilikuwa hili: Nani humsaidia mtoto kazi za shule anapokuwa nyumbani? Majibu yaliyoandikwa yalikuwa mama, baba, ndugu, mwalimu wa ziada, mwingine, hakuna.

"Mimi," alisema mama.

Hakusita hata kidogo. Akaongeza kwamba kila jioni wanakaa mezani pamoja, yeye na binti yake, na kwamba Kihispania alichokijua mtoto amekipata kwake. Nilimtazama rafiki yangu mlangoni. Alikuwa ameelewa. Aliinamisha macho kwenye sinia, akapangusa tone la juisi kwa kidole. Hakuonekana hata kuudhika.

Wakati ananisindikiza kwenye lifti nilikuwa nachemka. "Umesikia alivyosema?"

"Nimesikia."

"Na wewe umekaa kimya tu."

"Acha, mwalimu. Yeye ni madam, aseme vile anataka. Mimi natafuta mkataba wa pili, mtoto wangu amalize shule. Hiyo ya kusifiwa, achana nayo."

Mkataba wake ulikuwa umebakiza miezi miwili tu kwisha. Mama wa tisa alikuwa ameshamwahidi kuurudia. Binti wa rafiki yangu, huko Masaka, alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni, na hesabu zake zote za maisha zilisimama juu ya miaka miwili mingine katika nyumba ile. Haya yote niliyajua. Nayaandika hapa ili mtu asinionee huruma kwa kudhani sikujua.

Nilirudi chumbani kwangu kando ya mashine ya kufulia, nikakaa kitandani kuzipitia karatasi kabla ya kuzipeleka. Nikafika swali la nne. Alama niliyotia kwenye neno mama ilinikodolea macho. Na mimi, mtu aliyesahihisha madaftari miaka yote ile kwa kalamu nyekundu, magotini, watoto wakiwa kwenye foleni, jibu likiwa kosa mkono unakwenda wenyewe. Hatukufundishwa kuliacha kosa lipite. Mwanafunzi akiandika uongo ubaoni unaufuta mbele yake na kuandika ukweli, ndipo darasa linaendelea.

Nikaandika kwenye nafasi ya maoni, kwa Kihispania, kwa mwandiko wangu wa ubaoni: Mzazi amejibu kwamba ni yeye. Si kweli. Mtoto anafundishwa kila siku na mfanyakazi wa nyumbani, ambaye ndiye aliyemfundisha kusoma. Mzazi hurudi mtoto amelala. Dodoso liongezwe jibu la mfanyakazi wa nyumbani, kwa sababu katika mji huu ndiye anayesaidia.

Nilipomaliza nilijisikia vizuri. Lazima niseme hivyo, nilijisikia vizuri sana. Nilidhani nimemtetea rafiki yangu. Sasa naona nilijitetea mimi, mwalimu wa cheti, niliyekalishwa kwenye kochi jeupe nikisikiliza kazi yangu na ya mwenzangu ikimezwa pamoja na juisi.

Nisilolijua ni kwamba ofisi, kabla ya kufunga faili, humrudishia kila mhojiwa karatasi yake aithibitishe. Ni utaratibu wa haki, una maana yake, hata mimi leo naufuata. Karani alizipiga picha karatasi zote kama zilivyo, mbele na nyuma, akazituma kwa barua pepe. Alitakiwa kufunika maoni ya mhojaji. Hakufunika. Aliniambia baadaye kwamba hajui Kihispania, alidhani yale maandishi ni sehemu ya majibu.

Siku mbili baadaye, asubuhi, nilimkuta rafiki yangu chini kwenye ukumbi wa jengo. Alikuwa na begi moja kubwa na mfuko wa nailoni. Dereva wa familia alikuwa nje anawasha gari. Mlinzi wa zamu, Mganda mwenzake, alijifanya anaandika kitu kwenye kitabu.

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Madam amekata viza. Amesema khalas, tiketi iko." Alinitazama vizuri. "Mwalimu, eti uliandika?"

Sikuweza kusema hapana. "Niliandika ukweli."

"Nani alikutuma?"

"Nilitaka ijulikane kazi yako."

"Ijulikane na nani? Mimi niliambia wewe tu. Kwenye benchi, wewe tu. Madam anasema mimi natembeza habari za nyumba yake." Sauti yake haikupanda. Angenitukana ningeshukuru. "Na mtoto analia huko juu. Sikuruhusiwa kumuaga."

Dereva akapiga honi. Nikashika mfuko wa nailoni nimsaidie, akauchukua mkononi mwangu taratibu, akatoka nao mwenyewe.

Nilikwenda ofisini siku hiyo hiyo, haikuwa zamu yangu. Nikamwomba sir ampigie simu mama wa ghorofa ya tisa, amweleze kwamba yaya hakusema lolote, kwamba maneno ni yangu na kosa ni la ofisi. Sir alisikitika kweli, sitamsingizia. Alimwita karani akamfokea mbele yangu. Lakini kupiga simu alikataa. Alisema mhojiwa ana haki ya faragha, ofisi haiwezi kuingilia mambo ya nyumba yake, na tukianza kuwapigia wahojiwa kuhusu wafanyakazi wao hakuna mzazi atakayetufungulia mlango. Halafu akasema, kwa upole, kwamba maoni yangu ya swali la nne ndiyo jambo la maana kuliko yote yaliyopatikana kwenye majaribio. Dodoso litabadilishwa, kwa lugha zote. Akafungua droo, akatoa barua ya ajira.

Barua ilikuwa na jina langu na neno mtafsiri. Ilikuwa mezani kati yangu na yeye. Ningeweza kusema sitaisaini mpaka upige simu. Sentensi hiyo ilinijia kamili, kwa Kiingereza, na hata kwa Kihispania. Nilikaa kimya nikitafuta ujasiri, na kimya kilipozidi sir akadhani nimefurahi mno, akanipa kalamu. Nikasaini.

Madam wangu aliniachia bila matata. Siku ya kuondoka alinikumbatia mlangoni, akaniambia anajivunia mimi, halafu akacheka kidogo, akaniomba nisije kuandika ya nyumba yake. Nilicheka naye.

Sasa nakaa mtaa wa International City, chumba cha watu wanne, mimi na Wakenya wawili na Mtanzania mmoja wa hotelini. Asubuhi napanda basi hadi metro. Kitanda ni changu na Ijumaa siitwi na mtu. Rafiki yangu nilimtumia ujumbe mara nyingi. Alijibu mara moja tu, kwamba amepata kibanda cha kushona, na binti amehamishwa shule ya kutwa. Hakuandika mwalimu mwanzoni mwa ujumbe. Nimeusoma ule ujumbe zaidi ya nilivyosoma barua yangu ya ajira.

Dodoso jipya lilipokamilika ilibidi tuwarudie wazazi wale wale wa majaribio kwa simu, tuone kama maswali yaliyorekebishwa yanaeleweka. Ndivyo kazi inavyofanywa. Mhojaji hatoi jina, anataja ofisi na namba yake tu. Orodha ilipogawiwa niliiona namba ya ghorofa ya tisa, na mwenzangu wa meza ya pili alikuwa tayari kunisaidia. Nilisema nitapiga mwenyewe. Labda nilitaka kuadhibiwa, labda nilitaka kusikia kama mtoto bado anasoma. Sijapata kujua.

Mama alipokea upesi. Nilijitambulisha kwa namba. Nadhani aliitambua sauti, lakini akasema niendelee. Swali la kwanza, la pili, la tatu akajibu kifupi. Nikafika la nne, nikalisoma kama lilivyoandikwa, na majibu yake yote kwa mpangilio: mama, baba, ndugu, mwalimu wa ziada, mfanyakazi wa nyumbani, mwingine, hakuna. Yale maneno, mfanyakazi wa nyumbani, yalikuwa yangu. Niliyasoma kwa sauti ile ile ya mengine, kama tulivyofundishwa.

Aliniomba niyasome majibu tena, nikayasoma.

"Hakuna," alisema. "Sasa hakuna. Na uandike hivyo hivyo nilivyosema."

Nikaandika.